SOYA NA VIPOKEZI VYA MWILI

Nataka kueleza jambo lililoleta fujo katika bwalo letu muhula uliopita. Uji wa asubuhi ulianza kuchanganywa na unga wa soya. Siku ya tatu tu ikazuka habari kwamba soya ina dawa ya kike, na kwamba mvulana ainywaye atalegea. Wadogo zetu wengi wa darasa la kwanza wakamwaga uji, wakaingia darasani na njaa. Nami niliumwaga siku mbili. Kisha nikaona haya, maana nasoma Biolojia, wala sikuwa nimeuliza hata swali moja.

Habari ile haikutoka hewani kabisa. Soya ina vitu viitwavyo isoflavoni, na vilivyo mashuhuri ni jenisteini na daidzeini. Umbo lao lafanana na la estrojeni, homoni iliyo nyingi kwa wanawake, na ambayo wanaume pia wanayo kidogo.

Sasa tutazame ndani ya seli. Homoni ni kama ufunguo, na kipokezi ni kama kitasa chake. Kwa homoni kama estrojeni, ufunguo ukiingia, kipokezi hushika mahali maalumu katika DNA, na seli huanza au huacha kutengeneza protini fulani. Kwa njia hii mwili huongoza ukuaji, na matumizi ya mafuta na sukari.

Vitasa hivyo vya estrojeni ni vya namna mbili, alfa na beta. Beta iligunduliwa na wataalamu wa Sweden, wakatangaza habari zake mwaka 1996. Jenisteini hushikamana na beta vizuri kuliko alfa, lakini hata hapo haifikii nguvu ya estrojeni yenyewe. Tena, isoflavoni ndani ya punje zimefungwa pamoja na sukari, na bakteria wa matumbo husaidia kuzifungua. Bakteria wa watu wengine hugeuza daidzeini kuwa ekwoli, na wa wengine hawawezi. Kwa hiyo watu wawili waweza kula chungu kimoja, na miili yao isipate kitu kile kile.

Je, isoflavoni haziwezi kudhuru? Katika miaka ya 1940, huko Australia ya Magharibi, kondoo majike waliolishwa klova walishindwa kuzaa, na baadaye ikajulikana kuwa chanzo ni isoflavoni za mmea ule. Lakini kondoo wale walikula majani yale kutwa, msimu mzima. Ama wanaume, uchunguzi mwingi ulikusanywa na kutangazwa mwaka 2010, na tena mwaka 2021, wala haukuonyesha kwamba soya hupunguza homoni yao ya kiume.

Basi wako pia waliopotea kwa upande wa pili. Jirani yetu nyumbani, mama mtu mzima mwenye kisukari, aliambiwa kuwa soya huponya ugonjwa wake. Akaacha vidonge, akanywa maziwa ya soya. Siku moja alianguka shambani, akachukuliwa hospitali akiwa hajitambui. Tunamshukuru Mungu kwamba alipona.

Aliyemshauri yule mama alikuwa na nusu ya habari. Viko vipokezi vingine viitwavyo PPAR. Alfa yao husaidia ini kuchoma mafuta, na gama husaidia seli za mafuta kuyaweka, na mwili kuisikia insulini. Baadhi ya dawa za kisukari hufanya kazi kwa kuifungua gama. Katika vyombo vya maabara jenisteini nayo imeonekana kuifungua, lakini mara nyingi kwa kiasi kikubwa kuliko kile kipatikanacho katika damu ya mtu alaye soya kwa kawaida. Kitu kinachofanya kazi katika chombo cha kioo si lazima kiwe dawa ndani ya mtu. Hata kolesteroli mbaya, Chama cha Moyo cha Marekani kilipopima uchunguzi mwaka 2006, kiliona protini nyingi ya soya huipunguza kwa asilimia 3 hivi tu.

Soya, basi, si sumu wala si dawa, ni chakula. Gramu 100 za punje kavu zina kama gramu 36 za protini. Ila ipikwe sana, maana ikiwa mbichi ina kitu kizuiacho kazi ya kimeng'enya kimoja kisagacho protini tumboni.

Wadogo zangu, nyweni uji wenu. Nanyi mlio na wazee wagonjwa nyumbani, waambieni wasiache vidonge vya daktari. Kuuliza si ujinga.

Maswali ya kujipima:
1. Kwa nini jenisteini yaweza kuingia katika kitasa cha estrojeni?
2. Bakteria wa matumbo wana kazi gani katika habari hii?
3. Kwa nini haifai kumlinganisha kondoo wa Australia na mwanafunzi anywaye kikombe kimoja cha uji?