Foki ya Kaboni ya Mtumba: Tuikague Kabla ya Kuipanda

Baiskeli za mitumba kutoka ng'ambo zimewasaidia wengi. Lakini kati ya zile za mashindano utapata nyingine ambazo foki, yaani ile sehemu inayoshika gurudumu la mbele, si ya chuma bali ni ya kaboni. Ni nyepesi ajabu, na vijana wetu huipenda. Je, tunajua kuikagua?

Kaboni ni nini?
Ni nyuzi nyembamba sana, zimepangwa tabaka juu ya tabaka na kushikwa na gundi ngumu. Foki ya chuma ikigongwa vibaya, mara nyingi hupinda na kila mtu anaona. Kaboni haifanyi hivyo. Tabaka zinaweza kuachana kwa ndani huku rangi ya nje bado inang'aa. Halafu siku moja, kwenye mteremko, inakatika ghafla na mtu anaangukia uso.

Tukumbuke mfano mmoja. Mwezi wa Aprili 2006, katika mashindano ya Paris–Roubaix huko Ufaransa, Mmarekani George Hincapie alianguka, akainuka, akaendelea. Baadaye shingo ya foki yake ilikatika, akaanguka tena na kuumia bega. Shingo ile ilikuwa ya alumini, lakini funzo ni lile lile: kifaa kilichoanguka kinaweza kubeba jeraha lisiloonekana.

Hatua za kukagua
1. Muulize muuzaji kama baiskeli imewahi kuanguka au kugongwa. Mwombe pia fundi aitoe foki yote nje. Muuzaji akikataa, achana nayo.
2. Ioshe kwa maji na sabuni, ikauke, kisha itazame kwenye mwanga wa jua. Uchafu huficha ufa.
3. Angalia shingo, hasa pale usukani unapobanwa na pale chini inapoungana na miguu. Ufa, au alama ya kubonyea kwa sababu ya kukazwa kupita kiasi, ni hatari.
4. Pitisha ukucha polepole, halafu pamba. Ukucha ukikwama au pamba ikinasa kwenye nyuzi, hapo si mkwaruzo wa rangi tu.
5. Gonga kwa sarafu. Linganisha mahali pamoja kwenye mguu wa kushoto na wa kulia. Upande mmoja ukitoa sauti butu, kuna shida. Bonyeza pia kwa kidole gumba. Pasiwe na mahali palipolegea.
6. Tazama pale kaboni inapokutana na alumini. Unga mweupe au gundi iliyoachia ni dalili ya kutu ya alumini, hasa kwa baiskeli iliyokaa karibu na bahari.
7. Rangi mpya juu ya foki kuukuu? Usiiamini. Jiulize inaficha nini.

Neno la muhimu
Ukaguzi huu unaweza kutuonyesha foki mbovu. Hauwezi kuhakikisha kwamba foki ni nzima, maana macho na sarafu havioni kila kitu cha ndani. Kwa hiyo, kama historia yake haijulikani, heri kutafuta foki ya chuma inayoingia vizuri kwenye fremu hiyo. Itakuwa nzito kidogo, lakini meno ya mtoto hayana mtumba.

Na ile mbovu msiitupe hivi hivi, kwani mwingine ataiokota na kuiuza. Ikateni vipande viwili. Imwagieni maji wakati wa kukata na mfunike pua na mdomo, kwa sababu vumbi la kaboni ni baya kwa mapafu.

Maswali ya kujadiliana kikundini
1. Kwa nini foki ya kaboni inayong'aa bado inaweza kuwa hatari?
2. Ni nani katika kijiji chetu anaendesha baiskeli ya aina hii, na nani atamsaidia kuikagua wiki hii?