Somo la Matawi: Lini Kampuni Ibadili Mlinzi wa Mtandao Wake?

Somo letu la leo ni juu ya jambo ambalo wengi hudhani ni la wakubwa wa ofisini peke yao, nalo ni ulinzi wa mtandao wa kompyuta wa kampuni. Siku hizi kampuni nyingi hazina mlinzi huyo ndani ya kiwanda. Humkodi kutoka kampuni nyingine, naye hufanya kazi yake akiwa mbali, kwa njia ya intaneti. Huduma hiyo ndiyo inayoitwa ulinzi wa wingu. Hulipiwa kwa mwezi au kwa mwaka, na mkataba unapokaribia kwisha huzuka swali: tuendelee na mlinzi huyu au tumbadilishe? Swali hilo lisijibiwe bila sisi kujua, kwa sababu likijibiwa vibaya hasara huangukia mfuko wa mfanyakazi.

1. JAMBO HILI LATUHUSU NINI?

Tuanze na kazi zetu wenyewe hapa mpakani, katika viwanda vya saruji vya Tororo na katika mashamba ya miwa upande wa Busia. Uzito wa miwa kwenye mzani, saa za zamu, saa za ziada, alama ya kidole langoni, makato ya NSSF, mkopo wa chama cha akiba na ada ya chama chetu, vyote hivyo zamani viliandikwa katika madaftari ya karani. Leo katika sehemu nyingi za kazi viko ndani ya kompyuta, na mshahara wenyewe hupitia benki au simu. Mtu mwovu akiingia katika mtandao huo anaweza kuiba fedha, kufuta saa zetu, au kuchukua majina yetu na namba za vitambulisho akawauzia matapeli.

Tutoe mifano miwili. Tarehe 3 Oktoba 2020, hapa Uganda, wezi waliingia katika mfumo wa kampuni ya Pegasus Technologies, iliyokuwa ikiunganisha malipo kati ya mabenki na kampuni za simu. MTN, Airtel na benki ya Stanbic zilitoa tangazo la pamoja, na huduma ya kutuma fedha kutoka benki kwenda kwenye simu ikasimamishwa kwa muda. Tangazo lilisema salio za wateja hazikuguswa. Lakini angalieni njia waliyopita wezi: mlango wa mtu wa kati aliyekodiwa.

Mfano wa pili ni wa Marekani. Mwezi wa Desemba 2021 wezi waliifunga huduma ya wingu ya kampuni ya Kronos, wakitaka walipwe ndipo waifungue. Huduma hiyo ilikuwa ikitunza saa za kazi na hesabu za mishahara za waajiri wengi, zikiwamo hospitali. Kwa wiki kadhaa waajiri hao hawakuweza kuona nani alifanya kazi saa ngapi. Wengine walilipa kwa kunakili mshahara uliopita, na wafanyakazi waliofanya saa za ziada wakakosa jasho lao mpaka hesabu ziliporekebishwa. Ndugu, hapo ndipo jambo la kompyuta linapokuwa jambo la chama.

2. WINGU NI NINI, NA MLINZI HUKAA WAPI?

Wingu hili haliko mbinguni. Ni majumba makubwa yaliyojaa kompyuta, yaliyoko Nairobi, Johannesburg, Ulaya na kwingineko, ambamo kampuni hukodi nafasi. Mlinzi wa wingu ni kama askari wa lango. Kila barua na kila orodha inayoingia au kutoka katika mtandao wa kampuni hupitia kwake kwanza. Ana kazi nne: kuwazuia waovu, kuangalia ni nani ana ruhusa ya kuingia wapi, kuandika katika daftari lake kila aliyepita, na kupiga king'ora penye hatari.

Mahali anapokaa mlinzi ni jambo kubwa. Uganda haina bahari. Sehemu kubwa ya intaneti yake huja kwa nyaya zinazopita chini ya bahari hadi Mombasa, kisha hupita nchi kavu mpaka hapa kwetu Malaba na Busia, ndipo ziingie Uganda. Sasa, ikiwa askari wa kampuni yuko Ulaya, orodha inayotoka ofisi ya Tororo kwenda ofisi ya Busia italazimika kusafiri hadi Ulaya ikaguliwe, kisha irudi. Kumbukeni malori yalivyokuwa yakikaguliwa upande mmoja wa mpaka na kukaguliwa tena upande wa pili. Kituo cha pamoja cha Busia, kilichofunguliwa rasmi na Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni mwezi Februari 2018, kiliwekwa ili ukaguzi ufanyike mahali pamoja. Ulinzi mzuri hufanya hivyo: hukagua mara moja, tena karibu na njia.

3. DALILI ZA KWAMBA WAKATI UMEFIKA

Tuwe na dalili za kuangalia, tusifuate maneno ya wachuuzi. Kila mchuuzi atasema wa kwake ndiye bora.

(a) Kazi imekua, mlinzi hakukua. Kampuni ilikuwa na ofisi moja, sasa ina mzani shambani, bohari upande wa pili wa mpaka, na makarani wanaotumia simu. Ikiwa mlinzi analinda ofisi ya zamani tu, basi milango mingine iko wazi.

(b) Watu wanamzunguka. Mtandao ukiwa mzito kwa sababu ya ukaguzi, karani hutuma orodha ya mishahara kwa WhatsApp yake mwenyewe ili kazi iishe. Tusimlaumu karani peke yake. Lango lisilopitika huzaa njia za panya, nasi watu wa mpakani twalijua hilo.

(c) King'ora hulia hovyo, au hakilii kabisa. Kikilia mara mia kwa siku kwa mambo ya bure, hakuna atakayekijali siku mwizi akija kweli.

(d) Daftari halipo. Jambo likitokea, mlinzi ashindwe kueleza nani aliingia, saa ngapi, na alichukua nini, huyo si mlinzi. Hii ndiyo dalili kubwa kuliko zote.

(e) Hajibu. Mkataba unasema atajibu kwa saa kadhaa, yeye hujibu baada ya siku kadhaa. Au alishambuliwa yeye mwenyewe na akaificha habari mpaka kampuni ikaisikia redioni.

(f) Hawezi kuzuia mafuriko. Mwezi Julai 2023 mtandao wa eCitizen wa serikali ya Kenya ulishambuliwa, na Waziri Eliud Owalo akathibitisha. Washambulizi waliujaza mtandao kwa maombi ya uongo. Ni kama mtu kujaza barabara ya Malaba kwa malori matupu ili malori yenye mizigo yasipite. Muulizeni mlinzi wenu ana njia gani dhidi ya jambo hilo. Akibabaika, mmeshapata jibu.

(g) Bei hupanda kila mkataba unapofanywa upya, na huduma ni ile ile.

Dalili moja ndogo isitufanye tukimbilie kubadili. Lakini dalili (d) na (e) zikiwa pamoja, kampuni isingoje. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

4. MAMBO YASIYO SABABU YA KUBADILISHA

Mara nyingi kosa haliko kwa mlinzi. Kama makarani watano wanatumia neno la siri moja, na limeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani, mlinzi mpya hatasaidia kitu. Kama mfanyakazi aliyeacha kazi miaka miwili iliyopita bado anaweza kuingia katika mtandao, hilo ni kosa la ofisi. Kama umeme hukatika au waya wa intaneti umekatwa na watengeneza barabara, kubadilisha mlinzi ni kupoteza fedha ambazo zingeongezwa kwenye mishahara.

Wala kosa moja peke yake si sababu. Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya CrowdStrike, ambayo kazi yake ni kulinda kompyuta, ilituma marekebisho mabovu. Kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani zikazima, viwanja vya ndege vikasimama na mabenki yakakwama. Hakukuwa na mwizi. Ni mlinzi mwenyewe aliyeangusha lango. Baada ya jambo kama hilo tumuulize mlinzi maswali matatu. Je, alisema ukweli mara moja? Je, alieleza sababu? Je, amebadilisha namna yake ya kufanya kazi ili lisirudie? Anayejibu vizuri anaweza kubaki. Asiyejibu na aondoke.

Hapo tunapata kanuni ya somo letu: mlinzi hupimwa kwa daftari lake na kwa majibu yake, si kwa jina lake wala kwa upya wake.

5. NAMNA YA KUBADILISHA BILA KUUMIZA KAZI

Ikiwa imeamuliwa kubadilisha, kuna mpango wa kufuata:

Kwanza, soma mkataba wa zamani mapema. Mikataba mingi hutaka taarifa miezi kadhaa kabla, la sivyo hujiendeleza yenyewe kwa mwaka mwingine.

Pili, orodhesha kila kinacholindwa: mizani, saa za lango, kompyuta za mishahara, simu za makarani. Kisichoandikwa husahauliwa, na kinachosahauliwa ndicho mwizi hupitia.

Tatu, mlinzi wa zamani na wa mpya wafanye kazi pamoja kwa muda, kuanzia ofisi moja ndogo. Askari wa usiku haondoki kabla askari wa mchana hajafika langoni.

Nne, kazi hiyo isifanywe wiki ya mshahara.

Tano, chukua madaftari yote kutoka kwa mlinzi wa zamani, kisha mnyang'anye funguo zote. Mlinzi aliyefukuzwa akiwa bado na ufunguo ni hatari kuliko mwizi.

Sita, orodha ya saa na mishahara iwe na nakala mahali pengine, nyingine kwenye karatasi. Waajiri wa Marekani waliokuwa na nakala za saa waliweza kulipa. Wasiokuwa nazo walibahatisha.

Saba, makarani wafundishwe katika saa za kazi, si baada ya kazi bila malipo.

6. CHAMA KIDAI NINI?

Hatuombi kuchagua kampuni ya ulinzi. Hiyo ni kazi ya mwajiri. Lakini yako mambo ambayo ni haki yetu kuyasimamia mezani.

Sheria zipo. Sheria ya ajira ya Kenya ya mwaka 2007 na ya Uganda ya mwaka 2006 zote mbili zinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maandishi yanayoonyesha mshahara na makato yake. Kila mmoja wetu ayatunze maandishi hayo nyumbani. Siku kompyuta ikipoteza saa zetu, karatasi hiyo ndiyo shahidi.

Tena, nchi zote mbili zilipitisha sheria za kulinda habari za watu mwaka 2019. Kenya inataka habari za watu zikiibwa kwa namna ya kuleta madhara, Kamishna wa Data aarifiwe katika saa 72. Uganda inataka mamlaka iarifiwe mara moja. Sheria ya Kenya huhesabu alama ya kidole kuwa habari nyeti. Kwa hiyo mwajiri anayechukua vidole vyetu langoni ana wajibu wa kuvilinda. Neno la siri likiibwa hubadilishwa. Kidole kikiibwa alama yake, hakuna kingine cha kukibadilisha.

Basi tunashauri matawi yatie mambo manne katika mapatano ya pamoja na mwajiri:

(a) Mtandao ukisimama kwa sababu yoyote, mshahara ulipwe siku yake kwa kufuata nakala, na tofauti isawazishwe mwezi unaofuata.

(b) Mfanyakazi asikatwe siku kwa kuwa saa ya lango haikumtambua.

(c) Habari za wafanyakazi zikiibwa, wajumbe wa tawi waarifiwe siku ile ile.

(d) Mlinzi wa mtandao akibadilishwa, wajumbe waelezwe kabla, na mlinzi mpya asitumiwe kuwapeleleza wanachama katika shughuli halali za chama.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA TAWI

1. Katika sehemu yenu ya kazi, saa na mishahara yenu imetunzwa wapi? Nakala yake iko wapi?
2. Ni nani mlinzi wa mtandao wa kampuni yenu, na mkataba wake unakwisha lini? Kama hakuna mjumbe anayejua, nani atauliza?
3. Je, mmewahi kuona dalili yoyote kati ya zile saba? Je, kosa lilikuwa la mlinzi au la ofisi?
4. Mtandao ukisimama siku mbili kabla ya mshahara, kampuni yenu ingelipa kwa njia gani?

Wajumbe waandike majibu na wayalete katika mkutano ujao wa tawi. Swali la nne wasiliache wazi. Tawi lisiloweza kulijibu leo litalijibu siku ambayo watu wamesimama langoni mwisho wa mwezi, mikono mitupu.

Umoja ni nguvu.