Mlifundwa na Nani? Malezi ya Jamii Hayaishii Utotoni
Somo kwa ajili ya kamati za parokia na marafiki wa miradi yetu



Katika ziara moja ya ufuatiliaji tulifika kwenye kigango ambacho tunaomba tusikitaje jina. Tulikuta vyoo vilivyojengwa kwa fedha za wafadhili vimefungwa kwa kufuli. Ndani ya kimoja mlikuwa na magunia ya mahindi. Katika kingine kuku alikuwa ameatamia. Taarifa yetu ya robo mwaka ilikuwa imeeleza kwamba vyoo vimekamilika kwa asilimia 100, na kweli vilikamilika: sakafu ya saruji, mabati, mlango na bomba la kutolea hewa. Ila watu waliendelea kwenda porini kama zamani.

Kama ilivyo kawaida yetu, tulianza kwa kuwalaumu wanakijiji. Tulisema hawana mwamko, tukapanga semina nyingine ya uhamasishaji. Ndipo bibi mmoja alipotuuliza, bila hasira yoyote: "Wanangu, mmejenga choo kimoja kwa kaya nzima. Mnataka mke wa mwanangu apishane na baba mkwe wake mlangoni pa choo? Ninyi huko kwenu mlifundwa na nani?"

Swali hilo ndilo somo letu la leo.

Wataalamu wa elimu ya jamii wanayo istilahi yake, ujamiishaji. Maana yake ni njia ambayo mtu hujifunza kuwa mmoja wa watu wake: lipi ni la heshima, lipi ni la aibu, nani anasalimiwa kwanza, nani hatazamwi usoni. Sehemu kubwa ya mafunzo hayo haina mwalimu wala ubao. Mtoto anayepokea kitu kwa mkono wa kushoto huambiwa "mkono mzuri uko wapi?" na mambo yakaishia hapo. Mvulana anayekaa sana jikoni huchekwa. Hakuna aliyempa sababu, lakini akifika miaka kumi tayari anajua mahali pake, na atakapokuwa mjumbe wa kamati ya maji atashangaa kuona mwanamke akipendekezwa kuwa fundi wa pampu.

Kosa letu wengi ni kudhani kwamba kazi hii inakwisha utotoni. Mababu hawakudhani hivyo. Kwa Wayao, Wamakonde na Wamakua wa kusini, jando na unyago vilimchukua kijana ambaye tayari amelelewa na wazazi wake, vikamfunda upya kwa ajili ya hatua inayofuata. Bibi harusi alifundwa tena. Taifa nalo lilifanya hivyo. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa mwaka 1963, na kwa miaka mingi wahitimu walilazimika kupitia huko, wakalima na kupika pamoja na vijana wa makabila ambayo hawakuwahi kukaa nayo. Utaratibu huo wa lazima ulisitishwa mwaka 1994 na kurejeshwa mwaka 2013. (Yupo mzee katika ofisi yetu ambaye hadi leo hawezi kulala baada ya saa kumi na moja alfajiri, na lawama zote anaitupia kambi.) Hata uzeeni mtu hufundwa. Mjane hujifunza kuishi kama mjane, na mstaafu hujifunza kukaa nyumbani mchana. Wapo wanaoshindwa somo hilo la mwisho, na wake zao wanajua.

Je, mtu mzima anaweza kubadilika katika jambo zito kama la choo? Jibu tunalo katika historia yetu wenyewe. Mwaka 1973 serikali ya Tanzania iliendesha kampeni ya elimu ya watu wazima iliyoitwa Mtu ni Afya. Haikuanza na saruji. Watu walikusanyika katika vikundi vidogo vya kujifunza, wakasikiliza kipindi cha redio, wakasoma kitabu chao pamoja, yule anayejua kusoma akiwasomea wengine, kisha wakajadiliana. Mazungumzo yalihusu malaria, safura, kichocho, kuhara na kifua kikuu. Inakadiriwa kwamba watu wazima wapatao milioni 2 walishiriki. Baada ya mjadala kila kikundi kilitakiwa kuamua la kufanya: kufukia madimbwi, kufyeka nyasi karibu na nyumba, kuchimba vyoo. Waliokuwa wakichimba ndio hao hao waliokuwa wameamua.

Nguvu ya kampeni ile, kwa maoni yetu, haikuwa redio peke yake. Ilikuwa kile kikundi. Mtu mzima habadiliki kwa sababu amepata habari mpya. Hubadilika pale anapoona kwamba wale ambao angeona aibu mbele yao nao wanabadilika. Aibu iliyojengwa na watu huondolewa na watu, tena walewale.

Tazameni suala la ukeketaji. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 ilikataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, na sheria hiyo ni ya lazima kabisa. Lakini wazazi wengi wanaofanya hivyo hawamchukii binti yao. Wanaogopa hataolewa, na wanaogopa atasimangwa na wakwe na wanawake wenzake. Kwa hiyo semina ya wasichana peke yao inamwachia mtoto mzigo wa kupambana na ukoo mzima. Kijana wa kiume anayetarajia kuoa, bibi, shangazi na mzee wa mila ndio wanaoshika ufunguo, na mara nyingi ndio hao ambao bajeti zetu zimewasahau.

Tukirudi kwenye kile kigango: tuliacha semina. Tuliomba wazee wanaume wakae peke yao, wakwe peke yao, vijana peke yao, kisha wote pamoja. Mikutano ilichukua miezi mingi, na mingine ilikuwa ya kuchosha. Mwishowe wazee wenyewe walisema kwamba mzee wa kaya anaweza kuchimbiwa shimo lake upande wa pili wa boma, kwa miti na udongo, bila saruji yetu. Baadhi ya kaya zilifanya hivyo, na vile vyoo vya mabati vikaanza kutumiwa na wanawake na watoto. Kaya nyingine bado zinahifadhi mahindi. Tunaandika hayo kwa sababu ndiyo tuliyoyakuta.

Kwa wafadhili wetu tuna ombi, nasi tunalitoa kwa heshima. Mkipokea taarifa ya miezi sita ya kwanza isiyo na choo hata kimoja kilichojengwa, ila ina orodha ya vikao na yaliyozungumzwa, msiione kuwa ni uvivu. Fomu zetu za taarifa zina nafasi ya kuandika idadi ya majengo. Hazina nafasi ya kuandika kwamba baba mkwe amekubali. Tungependa kusaidiana nanyi kurekebisha fomu hizo kabla ya mwaka mpya wa mradi.

Kwa kamati za parokia, tunapendekeza maswali haya katika kikao chenu kijacho. Katika mradi mlio nao sasa, ni desturi gani ambayo hakuna aliyeitaja kwenye andiko la mradi kwa sababu kila mtu anaijua? Ni nani angeona aibu mradi ukifanikiwa, na je, amewahi kuitwa kikaoni? Na kila mjumbe aeleze jambo moja alilojifunza akiwa tayari ni mtu mzima, na nani alimfundisha.

Majibu yenu yaletwe kwa mratibu wa jimbo pamoja na taarifa ya robo mwaka.