Siku ya Pili ya Krismasi

Katika kalenda ya Kanisa letu sikukuu ya Kuzaliwa Bwana haisimami peke yake. Tarehe 26 Desemba ni ya Mtakatifu Stefano, tarehe 27 ni ya Mtakatifu Yohana Mwinjili, na tarehe 28 ni ya watoto wa Bethlehemu waliouawa na Herode. Wengi wetu huiita tarehe 26 boksingi dei, na wanachuo wetu wa zamani walipenda kutuuliza ni akina nani watakaopigana ngumi siku hiyo. Neno hilo halihusu ngumi. Huko Uingereza lilitokana na sanduku la Krismasi, yaani bahashishi waliyopewa watumishi na vijana wa kazi baada ya sikukuu kwa utumishi wao wa mwaka mzima. Lakini Kanisa lilimkumbuka Stefano tarehe hiyo karne nyingi kabla ya masanduku hayo, na habari zake zatuhusu sana mwezi huu.

Tukimtaja Stefano, mara moja twakumbuka mawe. Ni haki, maana alikuwa shahidi wa kwanza. Ila tukifungua Matendo ya Mitume sura ya 6 twaona kwamba kabla ya kupigwa mawe alikuwa mgawaji wa chakula. Wanafunzi walikuwa wameongezeka, na Wayahudi wa Kiyunani walinung'unika kwa sababu wajane wao hawakupata sehemu yao katika huduma ya kila siku. Hapo yafaa tusome polepole. Hakuna aliyewanyima wajane wale kwa chuki, walisahauliwa tu. Walikuwa wageni wa lugha, hawakuwa na mtu katika meza ya wagawaji, basi siku zikapita. Tena wajane wenyewe hatuambiwi kama walisema neno. Waliosema ni ndugu zao walioona.

Mitume hawakuwakemea walionung'unika. Waliamuru wachaguliwe watu saba wenye sifa njema, na majina yao yote saba, Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao, ni majina ya Kiyunani. Kwa hiyo twaweza kudhani kwamba wengi wao, kama si wote, walitoka upande ule ule uliosahauliwa. Walijua milango ya wajane wale iko wapi.

Sasa na tutazame kwetu. Hapa Dodoma, na katika nchi yote ya Ugogo, mvua huanza mwisho wa Novemba au Desemba, na mavuno hayaji mpaka kama Aprili au Mei. Krismasi basi huangukia wakati ghala linapopungua na jembe linapohitajika zaidi. Mtu aliyeishiwa chakula Desemba hupanda mtama au uwele wake kwa haraka, kisha huenda kufanya kibarua katika shamba la mwingine ili wanawe wale jioni. Januari palizi inafika, naye yuko bado katika shamba la mwenzake. Magugu hayamngojei. Mwezi wa Mei huvuna kidogo, na Desemba inayofuata humkuta pale pale. Jirani zake husema ni mvivu, kumbe amelima kutwa nzima, ila si kwake.

Ukifahamu jambo hilo utaona kwamba debe moja la mahindi siku ya Stefano si sawa na debe lile lile mwezi wa Juni. Debe la Juni ni chakula. Debe la Desemba ni chakula pamoja na siku kadhaa za palizi katika shamba la rafiki yako mwenyewe. Tungependa Baraza la Kanisa lifikirie hili linapopanga sadaka ya mavuno. Twapiga mnada kila kitu palepale uani baada ya ibada, hata mahindi ambayo yangeweza kuwekwa magunia mawili matatu mpaka Desemba.

Lakini namna ya kutoa nayo ni somo. Mwaka mmoja sisi wenyewe tulisimamia zawadi za Krismasi katika mtaa tuliokuwa tukiabudu. Tukaandika orodha, tukaita majina mbele ya madhabahu, kila mtu akaja kupokea sukari yake na mchele wake huku watu wakipiga makofi. Tulijiona tumefanya vema. Rafiki yetu mmoja, mzee wa makamo, alipokea akashukuru, na hakuonekana tena kanisani mpaka Pasaka. Tulipomwendea hakulalamika. Alisema tu kwamba mkwewe alikuwepo siku ile. Hatukuwa na la kujibu.

Torati ilikwisha kuliona jambo hilo. Kumbukumbu la Torati sura ya 24, mstari wa 10 na wa 11, yaagiza kwamba ukimkopesha jirani usiingie nyumbani mwake kutwaa rehani. Simama nje, yeye mwenyewe akutolee. Amri hiyo haihusu kiasi cha mkopo, yahusu mlango. Mwenye shida angali ni mwenye nyumba, na vilivyomo ndani si vya wewe kuvikagua. Na mstari wa 12 na wa 13 yasema kwamba akiwa maskini, vazi aliloweka rehani arudishiwe jua linapochwa, apate kulala nalo. Tangu mwaka ule tumejifunza kupeleka mzigo jioni, kwa mkono wa mtoto, bila orodha.

Kuna na rafiki wa Luka sura ya 11, aliyebisha hodi usiku wa manane. Hakuwa na njaa yeye. Mgeni alikuwa amemfikia safarini, naye hana cha kumwandalia, akataka mikate mitatu. Nani kati yetu asiyeijua shida hiyo? Basi la Dar es Salaam linashusha watoto na wajukuu tarehe 24, nao wanadhani nyumbani kuna neema kama zamani. Baba anacheka nao sebuleni, na mama anazunguka nyuma ya nyumba akiwaza jioni. Rafiki wa namna hiyo hataandikwa katika orodha yoyote ya maskini, maana nyumba yake ina bati na yeye ni mzee wa kanisa. Kuku mmoja aliyepitishwa mlango wa nyuma humwokoa na aibu kubwa. Aombe kama mkopo, mpe kama mkopo, usimharakishe kulipa.

Baadaye inakuja Januari na shule. Ni kweli kwamba tangu 2016 shule za serikali za msingi, na za sekondari hadi kidato cha nne, hazitozi ada. Sare, viatu na madaftari bado hununuliwa, na fedha imekwisha kwenye sikukuu. Umoja wa Wamama wakikusanya sare zilizowabana watoto wetu, na kuzifua na kuzipiga pasi kabla ya kuzitoa, watakuwa wamefanya kazi ya wale saba.

Kwa mkutano wa jumuiya kabla ya Krismasi, kila nyumba isome Matendo 6:1-7 na Luka 11:5-8. Kisha kila mmoja afikirie moyoni, bila kutaja jina kwa sauti, ni mlango upi katika mtaa wetu haujabishwa hodi tangu mvua zianze.