Dondoo muhimu: Bunduki nyepesi, teke zito

Bunduki ya marisau ya risasi moja, ile ya kukunja, mara nyingi haifiki kilo 3. Ndiyo maana wawindaji wa bata mzinga huko Marekani huifurahia wakipanda kilima, kisha huilaani wakifyatua.

Usikimbilie risasi ya geji 12 ya inchi 3.5. Kwenye bunduki nyepesi, hiyo ni adhabu; ya inchi 3, hata 2¾, hutosha. Mkoba ukiruhusu, tafuta marisau ya tangsteni: ni mazito kuliko ya madini ya risasi ya kawaida, kwa hiyo punje ndogo namba 9 hupenya vizuri, na geji 20 inakuwa silaha kamili. Bei yake, lakini, inauma kuliko teke lenyewe.

Valisha kitako mpira laini, ukibane begani barabara. Ukiegemea mti, bega lisiguse shina. Likikosa pa kurudi, utalala na barafu.

Mazoezi ya shabaha fanya kwa risasi nyepesi, masikio na macho yakiwa yamekingwa. Zile nzito zipige chache tu, kwenye karatasi, hatua 40: duara la sentimita 25 likipata matundu 100, kichwa na shingo vya bata mzinga havitaponyoka katikati. Yakipungua, sogea karibu.