Siliaki: Mifupa Nayo Huumia

Siliaki ni ugonjwa ambao kinga ya mwili, ikikutana na gluteni, huushambulia utumbo mwembamba. Gluteni ni protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai. Katika nyumba nyingi za kwetu, hiyo ni chapati, maandazi, mkate, tambi na sambusa. Ugonjwa huu hauambukizi, ila huandama ukoo.

Wengi hudhani ni maradhi ya tumbo tu. Wapo wagonjwa ambao tumbo limetulia kabisa, na dalili ya kwanza ni mkono kuvunjika kwa kujikwaa kidogo.

Sehemu ya mwanzo ya utumbo huo, ambako kalsiamu na madini ya chuma hufyonzwa zaidi, ndiyo inayoharibika sana. Kalsiamu ikipungua kwenye damu, tezi ndogo za shingoni hutoa homoni inayoagiza ichotwe kwenye mifupa, kwani moyo na misuli haiwezi kufanya kazi bila hiyo. Mifupa hukopwa kila siku bila kulipwa. Mtu mzima huanza kuumwa mgongo na nyonga; mtoto hudumaa, na pengine hupata matege.

Vidonge vya kalsiamu peke yake basi havitoshi. Anayevimeza asubuhi kisha akala chapati jioni anaendelea kuujeruhi utumbo ule ule unaopaswa kuvifyonza. Tiba ni kuacha gluteni maisha yote.

Lakini tafadhali, usiache ngano kabla ya kupimwa. Kipimo cha damu hutafuta kingamwili zinazopungua mtu akishaacha, na majibu yanaweza kuonyesha kuwa ni mzima.

Chakula kipo: ugali wa mahindi au mtama, wali, muhogo, ndizi, viazi. Dagaa wanaoliwa wazima na ulezi vina kalsiamu nyingi. Maziwa yakimletea mgonjwa gesi, mpe mtindi. Mtego uko kwenye mashine iliyotoka kusaga ngano, na kwenye mafuta yaliyokaangia maandazi.

Mtoto akigunduliwa mapema, mifupa yake kwa kawaida huimarika vizuri. Mtu mzima hupata nafuu pia, japo si lazima yote irudi.

Kama nyumbani kwako kuna mtu anayevunjika kirahisi, au mwenye upungufu wa damu usiosikia dawa, mwulize daktari kuhusu kipimo cha siliaki.