Kufundisha Kwaya ya Shule

Mwalimu anapokabidhiwa kwaya ya shule kwa mara ya kwanza, mara nyingi hudhani kwamba kazi yake ni kuwafanya watoto waimbe kwa nguvu. Hasha! Kazi yake ya kwanza ni kuwanyamazisha, wapate kusikia. Mtoto apigaye kelele hamsikii jirani yake, naye asiyemsikia jirani yake hawezi kutambua ya kuwa ametoka katika njia ya wimbo. Basi mwalimu na aimbe mstari mmoja polepole, mara mbili, watoto wakiwa kimya. Kisha wauimbe wakiwa wamefumba vinywa. Maneno yaje baadaye.

Hapa yafaa mwalimu mwanamume ajihadhari. Sauti yake iko chini kuliko ya watoto, na watoto wadogo wakijaribu kumfuata huko chini hunguruma tu, hata wakaonekana kama hawajui kuimba. Amtafute msichana mwenye sauti thabiti, awatolee wenzake sauti ya kuanzia.

Noti za solfa, ambazo walimu wengi huziandika ubaoni kwa herufi d, r, m, zilianzia Uingereza kwa mwalimu Sarah Glover wa Norwich, na katika karne ya 19 mchungaji John Curwen akazitengeneza na kuzieneza. Hazihitaji kinanda, na kwa sababu hiyo zilishika sana katika shule za misheni za Afrika. Enoch Sontonga, mwalimu wa karibu na Johannesburg, aliandika kwa solfa nyimbo za wanafunzi wake, mmojawapo ukiwa Nkosi Sikelel' iAfrika wa mwaka 1897, ambao tuni yake ndiyo ya wimbo wa taifa wa Tanzania hivi leo. Hata hivyo solfa ni ngazi tu. Wako walimu ambao huelekeza fimbo ubaoni saa nzima, na watoto wakaimba herufi bila kujua wimbo wasema nini.

Maneno nayo yana haki yake. Katika Kiswahili mkazo kwa kawaida huwa katika silabi ya pili kutoka mwisho. Neno "barabara" likikazwa hapo ni njia. Likikazwa silabi ya pili kutoka mwanzo, maana yake ni sawasawa. Tuni ya kigeni ikiangusha uzito wake mahali pasipo pake, msikilizaji hupotea. Katika Kikuyu na Kijaluo, ambamo kupanda na kushuka kwa sauti hubadili maana, hatari ni kubwa zaidi. Kwa hiyo mwalimu asome maneno kwanza kama asemavyo nyumbani kwake, ndipo ayalinganishe na tuni.

Sasa niseme juu ya wavulana. Wafikapo umri wa miaka 12 hadi 15 hivi, koo hukua, nyuzi za sauti hurefuka, na sauti hushuka. Yule aliyekuwa nguzo ya sauti ya kwanza husikika ghafula akivunjika katikati ya mstari. Wenzake hucheka, na mwalimu, kwa kuwa mashindano yamekaribia, humwambia akae nje. Sidhani kama liko kosa kubwa zaidi katika kazi hii. Mvulana huyo aweza kufumba kinywa maisha yake yote. Apewe sauti ya tatu au ya nne, hata kama ni noti nne au tano tu azifikiazo bila kujikaza.

Kadhalika yule asemwaye kwamba "hana sauti". Mwalimu asimvute kuja kwenye noti yake. Aishike kwanza noti ya mtoto mwenyewe, waimbe pamoja, kisha wapande kidogo kidogo. Baadaye amweke kati ya waimbaji wawili thabiti. Kazi hii yaweza kuchukua muhula mzima, lakini wengi hufika.

Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, limewapa walimu sababu njema ya kujitahidi, na pia kishawishi cha kuchagua watoto thelathini na kuwasahau wengine. Shule iwezayo na iwe na kwaya mbili: moja ya mashindano, na moja ambayo kila apendaye ataingia. Hiyo ya pili isipewe saa ya jua kali, wakati watoto wana njaa.